Kuisaka TB Ndani ya Damu

Kwa takriban miaka mia moja, mtu aliyeshukiwa kuwa na kifua kikuu alipewa kopo akaambiwa akohoe. Bakteria akionekana kwenye makohozi, una TB. Asipoonekana, utafutiwe ugonjwa mwingine. Msingi wa utaratibu huo uliwekwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, aliposimama mbele ya wanasayansi wenzake mjini Berlin na kuwaonyesha bakteria aliyekuwa akimaliza watu Ulaya. Muda mfupi baadaye Franz Ziehl na Friedrich Neelsen waliboresha namna ya kumtia rangi, na namna yao ndiyo niliyofundishwa nilipoingia chuo cha maabara Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unapaka makohozi kwenye slaidi, unayaacha yakauke, unaipitisha slaidi juu ya taa ya spiriti. Unamwaga fuksini nyekundu na kuipasha moto kwa chini mpaka itoe mvuke, ila isichemke. Unaosha kwa asidi, halafu unafunika kwa rangi ya buluu. Ganda la bakteria wa TB lina nta. Likishashika wekundu, asidi haiutoi. Kwenye hadubini utaona vijiti vyekundu, vingine vimepinda kidogo, juu ya uwanja wa buluu.

Nimeifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na sikubali mtu aidharau. Slaidi moja iliyosomwa kwa makini iliweza kuokoa nyumba nzima, maana anayekohoa bakteria ndiye anayewaambukiza wenzake. Lakini wapo watu wengi mno ambao kopo lile halikuwafaa kitu. Waliugua TB, wakafa kwa TB, na makohozi yao yalikuwa safi. Bakteria wao walikuwa kwenye damu. Nataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyokuja kujulikana, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi huo ilipatikana barani kwetu, kwenye wodi na mochwari za Abidjan, Kampala, Dar es Salaam, Moshi na Mbeya, na vijana wanaoanza kazi maabara leo wanadhani uliletwa na mashine ndani ya sanduku.

Kwamba TB huweza kutapakaa mwili mzima ni habari ya zamani. Mwaka 1700 daktari wa Geneva, Jean-Jacques Manget, alieleza maiti aliyekutwa na vivimbe vidogo vya ukubwa wa punje za ulezi vimejaa kwenye mapafu, ini na bandama. Miaka ya 1880, Louis Landouzy wa Paris alieleza wagonjwa wenye homa mfululizo iliyofanana kabisa na homa ya matumbo, kumbe ni TB iliyosambaa. Madaktari hawa walikuwa wakiona nyayo za bakteria aliyesafiri kwa damu. Kumkamata safarini ni jambo jingine.

Aliyejaribu kwa nguvu zote alikuwa Ernst Löwenstein wa Vienna. Kila mtu wa maabara ya TB analijua jina lake, maana chakula cha kuoteshea bakteria tunachokitengeneza kwa mayai ya kuku, gliserini na rangi ya kijani kinaitwa Löwenstein-Jensen. Nimevunja mayai mengi kwa ajili yake, na harufu ya mayai yale yakigandishwa kwenye joto naijua mpaka leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Löwenstein alitangaza kwamba anaotesha TB kutoka kwenye damu za wagonjwa wengi ajabu, hata wenye baridi yabisi, hata wenye maradhi ya akili. Maabara nyingine zikajaribu, zikakosa. Mwaka 1933 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likachapisha ripoti ya G. S. Wilson iliyoyachambua madai yale moja baada ya jingine na kuyaangusha.

Wilson alisema kweli kwa wagonjwa wa wakati wake. Mtu mwenye kinga kamili ni nadra kukutwa na bakteria wa TB kwenye damu. Ila mlango ulifungwa kwa kishindo kiasi kwamba kwa nusu karne iliyofuata hapakuwa na sababu ya mtu kuupoteza muda wake huko. Vitabu tulivyosomea vilikuwa na sura nzima juu ya makohozi, na juu ya damu mistari michache. Tuliingia kazini tukiamini kwamba damu si mahali pa kuitafuta TB, na wala hatukujua kwamba imani hiyo ina historia na tarehe.

Nchini kwetu kopo la makohozi lilikuwa na heshima ya pekee, na ilistahili. Hospitali ya Kibong'oto ilianzishwa mwaka 1926 pembeni ya Kilimanjaro, siku ambazo tiba ilikuwa hewa safi, chakula na kitanda. Streptomaisini ilipatikana miaka ya 1940, isoniazidi mwaka 1952, na kuanzia miaka ya 1960 wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walishiriki majaribio makubwa yaliyoendeshwa pamoja na watafiti wa Uingereza. Jaribio lililoanza mwaka 1970 lilionyesha kwamba dozi ya miezi sita inaweza kutosha mahali pa mwaka na nusu. Dunia nzima imenufaika na miili ya wagonjwa wale wa Afrika Mashariki, na sijaona mnara wao popote.

Kisha mwaka 1977 ukaanza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na humo ndimo alimofanyia kazi Karel Styblo, daktari Mcheki aliyekuwa amefungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen akiwa kijana na kuambukizwa TB humo humo. Styblo na wenzake Watanzania walijenga kitu kilicho rahisi kukieleza na kigumu kukitenda: kila wilaya iwe na hadubini, rejista na mratibu mwenye pikipiki, kila mwenye bakteria kwenye makohozi aandikwe, apewe dawa, afuatiliwe mpaka apone au ijulikane kilichompata. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfano huo na kuueneza duniani kwa jina la DOTS. Nawakumbuka waratibu wa wilaya wakija na vumbi hadi kwenye kope, rejista zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, wakikaa nasi kulinganisha jina kwa jina. Sijaona utumishi wa umma uliozidi ule.

Mpango ule ulijengwa kwa ajili ya kuzuia maambukizi, kwa hiyo ulimtanguliza anayekohoa bakteria. Asiyekohoa, au anayekohoa makohozi safi, alikuwa wa foleni ya nyuma. Kwa ugonjwa ule wa wakati ule hesabu ilikuwa sahihi.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai nchini Uganda, watu walikuwa wamekwisha kuanza kufa, na mwezi Oktoba 1985 David Serwadda, Roy Mugerwa, Nelson Sewankambo na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet maelezo ya ugonjwa ambao wanakijiji waliuita Slim, kwa jinsi ulivyokondesha. Kwetu Kagera uliitwa Juliana, jina la nguo zilizouzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Wakati huo nilikuwa nimepangiwa hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, na ndiko nilikofanya kazi sehemu kubwa ya maisha yangu.

Dalili zilikuwa zile zile kila kitanda: kukonda, kuharisha, homa isiyokwisha, jasho la usiku linalolowesha shuka. Wengi hawakukohoa sana. Vipimo tulivyokuwa navyo vilikuwa vichache: damu kwa malaria, choo, wingi wa damu, Widal kwa homa ya matumbo, na makohozi mara tatu. Mgonjwa aliandikiwa kwinini. Homa isiposhuka aliandikiwa kloramfeniko. Isiposhuka tena, akaletewa kopo. Slaidi ya kwanza hasi, ya asubuhi hasi, ya tatu hasi. Nilikuwa nikirudia kusoma slaidi za wagonjwa wale, uwanja baada ya uwanja, na hakukuwa na kijiti chekundu hata kimoja.

Siku moja bibi mmoja alikuja dirishani pa maabara kufuatilia majibu ya mwanawe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karatasi za kijana wangu zinasemaje?”

Nikamwambia makohozi yako salama, hayana kitu.

“Kama hayana kitu, basi kinachomkausha ni nini?”

Nilimwambia daktari ataendelea kutafuta. Kijana hakumaliza wiki. Kwenye faili lake paliandikwa UKIMWI, na faili likafungwa. Kulikuwa na mafaili mengi ya namna hiyo. Neno lile lilitosha kueleza kila kifo, hivyo halikueleza hata kimoja. VVU huondoa kinga. Anayeua ni mwingine anayeingia baada ya kinga kuondoka. Katika hospitali zetu huyo mwingine alikuwa haulizwi jina lake.

Wakati huo idadi ya wagonjwa wa TB walioandikishwa nchini ilikuwa inapanda kwa namna iliyotutisha sote tuliojaza rejista. Mwaka 1983 walikuwa kiasi cha 11,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamepita 60,000. Na hao ni walioonekana.

Kitu cha kusikitisha ni kwamba swali la nani yumo kwenye damu lilikuwa limekwisha kuulizwa mbali, ila kwa jibu lisilotuhusu. Huko Marekani, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, madaktari waliwakuta wagonjwa wa UKIMWI waliozidiwa wakiwa na bakteria wa jamii ya TB aitwaye Mycobacterium avium, anayeishi kwenye maji na udongo. Aliota kwenye damu zao kwa wingi, hasa kwa wale ambao seli zao za CD4, zile askari wakuu wa kinga, zilikuwa zimeshuka chini ya 50. Kampuni za vifaa zikatengeneza mirija na chupa maalumu kwa ajili ya kuotesha damu hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1992 Marekani iliidhinisha rifabutini kwa ajili ya kumkinga mgonjwa na bakteria huyo. Vitabu vya UKIMWI vilivyotufikia kwa msaada, vyenye picha za rangi, vilimsifia avium ukurasa baada ya ukurasa.

Watafiti wa Uganda wakaamua kumtafuta avium kwa wagonjwa wao waliodhoofu na VVU. Mwaka 1990 walichapisha majibu: hayupo. Baadaye huko Nairobi alipatikana, kwa wachache. Mtu angeweza kuishia hapo na kusema kwamba Waafrika hawana tatizo la bakteria wa jamii hiyo kwenye damu. Maelezo yanayotolewa na wengi, na ninayoyaona ya kweli, ni kwamba wagonjwa wetu walikuwa wanakufa kabla kinga haijashuka kufikia pale avium anapopata nafasi. Kuna aliyekuwa akiwawahi.

Waliomkamata wa kwanza walikuwa wapasuaji wa maiti. Mwaka 1991 mjini Abidjan, Sebastian Lucas na wenzake walifanya uchunguzi wa maiti wa wagonjwa waliofia hospitalini, wenye VVU na wasio nao, na majibu yakachapishwa mwaka 1993. Zaidi ya theluthi ya watu wazima waliokufa na VVU walikutwa na TB, na mara nyingi ilikuwa imetapakaa kwenye viungo vingi kwa pamoja: bandama, ini, tezi, uboho. Mwaka uliofuata walitoa hesabu ambayo kila nikiisoma inanirudisha kwenye wodi zetu. Miongoni mwa maiti waliokonda kwa namna ile tuliyoiita Slim, asilimia 44 walikuwa na TB. Miongoni mwa wasiokonda, asilimia 25. Ugonjwa tuliodhani ni UKIMWI mtupu ulikuwa, kwa karibu nusu yao, TB yenye dawa.

Kwa nini isionekane kwenye makohozi? Mwili wenye kinga humjengea bakteria wa TB boma la seli na kumzungushia ndani yake. Katikati ya boma hilo nyama huoza, shimo hutokea pafuni, na bakteria kwa mamilioni hutoka kwa kikohozi. Makohozi yale mazito yaliyojaa bakteria, tuliyozoea kuyaona, ni kazi ya kinga inayopigana. Seli za CD4 zikiisha, boma halijengwi. Shimo halitokei, kikohozi kinakuwa kidogo, bakteria wanapita kwenye tezi na kumwagika kwenye damu. Hata picha ya kifua huweza kutoka safi. Kadiri mgonjwa alivyokaribia kufa, ndivyo kipimo chetu kikuu kilivyozidi kusema hana kitu.

Na kumwona kwenye slaidi ya damu ni kazi bure. Ili nione bakteria wa TB kwa hadubini, makohozi yanatakiwa kuwa na bakteria kati ya 5,000 na 10,000 kwa kila mililita. Damu ya mgonjwa wa namna hii inaweza kuwa nao wasiofika kumi. Lazima waoteshwe. Hapo ndipo palipokuwa na mtego wa pili, ambao watu wa maabara tu ndio wanaouona. Chupa ya kawaida ya damu hukaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa siku tano au saba, kisha hutupwa. Bakteria wa nimonia au wa homa ya matumbo hujitokeza ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu hugawanyika kwa dakika. Bakteria wa TB hugawanyika mara moja tu kwa karibu siku nzima. Anahitaji wiki sita, wakati mwingine nane. Aidha amejificha ndani ya chembe nyeupe, na chembe hizo lazima zipasuliwe kwanza kwa dawa ndipo atoke. Kwa hiyo hata hospitali zilizokuwa na uwezo wa kuotesha damu ziliandika hasi na kutupa chupa wakati mwenyewe yumo ndani, bado hajaamka.

Mwaka 1995 watu wanne walifanya Dar es Salaam kile ambacho hakikuwa kimefanywa ipasavyo nchini. Lennox Archibald na Barth Reller kutoka Marekani, M. O. den Dulk, na Profesa Kisali Pallangyo wa Muhimbili, ambaye baadaye aliongoza chuo hicho kikuu cha afya, waliwachukua watu wazima zaidi ya 500 waliolazwa na homa, mmoja baada ya mwingine bila kuchagua, wakaotesha damu zao kwa njia inayowapa nafasi bakteria wa kawaida, fangasi na maikobakteria, yaani bakteria wa jamii ya TB, pia. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wale walikuwa na VVU. Zaidi ya robo walikuwa na vimelea kwenye damu. Na kimelea kilichoongoza, mbele ya salmonela na wengine wote, kilikuwa bakteria wa kifua kikuu. Walipochapisha majibu mwaka 1998 waliweka neno la mauti kwenye kichwa cha makala, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nakala ya makala ile ilinifikia kupitia daktari kijana aliyetoka masomoni. Tuliisoma pamoja maabara, baada ya saa za kazi, sentensi kwa sentensi. Sina namna ya kueleza nilivyojisikia isipokuwa kusema kwamba niliwaona watu wangu wa wodini wamo mle kwenye majedwali. Na nilifurahi kwamba miongoni mwa majina yaliyoandikwa juu lilikuwamo la Mtanzania, kwenye kazi iliyofanyika Dar es Salaam kwa wagonjwa wa Dar es Salaam, ikijibu swali ambalo vitabu vya picha za rangi havikuwa vimeliuliza.

Jambo moja la pembeni, ambalo nisipolitaja nitakuwa nimewasahau wengi. Hata waliogunduliwa TB mapema hawakuwa salama. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki ilitegemea thiasetazoni, kidonge cha bei nafuu kilichochanganywa na isoniazidi. Mwaka 1991 Paul Nunn na wenzake walionyesha huko Nairobi kwamba kwa wenye VVU dawa hiyo husababisha ngozi kubabuka, na baadhi hufa. Niliwaona wagonjwa wa hivyo wakiletwa wamefunikwa kwa khanga tu, kwa sababu shuka nzito haivumiliki. Dawa ile ikaondolewa taratibu, kwa kadiri fedha za rifampisini zilivyopatikana.

Baada ya Dar es Salaam majibu ya namna hiyo yakapatikana penginepo barani. Nchini Uganda, miongoni mwa wenye VVU waliolazwa na maambukizi makali ya damu, asilimia 23 walikutwa na TB kwenye damu, na waliochapisha mwaka 2013 walisisitiza kwamba wengi wao hawakuwa wamedhaniwa kuwa nayo. Moshi kulikuwa na somo jingine. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na wakubwa, waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Asilimia 60.7 waliandikiwa kwamba wana malaria. Walipopimwa kwa uhakika, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa asilimia 1.6. Nusu ya historia ninayoisimulia imo ndani ya tarakimu hizo mbili. Kila homa ilipewa jina lililokuwa karibu, na mgonjwa aliyekuwa na TB kwenye damu alipoteza siku zake akimeza dawa ya malaria.

Siku ndizo zilizokuwa na thamani. Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, na wodi zetu zilibadilika mbele ya macho yetu. Watu waliobebwa kwa machela walirudi kliniki ya VVU (CTC) kwa miguu. Lakini kwa mwenye TB kwenye damu dawa hizo peke yake hazitoshi, na chupa ya wiki sita hutoa jibu la mtu aliyekwisha zikwa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 na David Barr na wenzake, uliokusanya takwimu za wagonjwa mmoja mmoja kutoka tafiti nyingi, ulionyesha kwamba kwa wenye VVU waliozidiwa na TB wakiwa na kinga ya chini, kuwa na bakteria kwenye damu ni jambo la kawaida kabisa, na kwamba kuchelewesha dawa kwa zaidi ya siku nne huongeza vifo. Siku nne! Enzi zetu siku nne zilikuwa hazitoshi kukusanya makohozi matatu na kuyasoma.

Ufumbuzi ulitokea mahali ambapo hakuna aliyepategemea miaka ya nyuma. Ganda la bakteria wa TB lina kitu kiitwacho lipoarabinomanani, mchanganyiko wa sukari na mafuta. Bakteria wakitapakaa mwilini, kitu hicho hutokea kwenye mkojo, na kwa mgonjwa ambaye kinga imekwisha hutoka kwa wingi zaidi. Yaani kipimo hiki kinafanya kazi vizuri pale pale makohozi yanapokataa. Unadondosha mkojo kidogo kwenye kijikaratasi, unangoja dakika 25, unasoma mistari. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililofanyika katika hospitali kumi za Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe na Tanzania, ambako kazi ilifanyika Mbeya, lilionyesha kwamba wagonjwa wenye VVU waliolazwa na kupimwa mkojo walikufa wachache kuliko wasiopimwa: asilimia 21 dhidi ya 25 ndani ya wiki nane. Wapo watakaoona tofauti hiyo ni ndogo. Mimi nahesabu vitanda: katika wodi ya watu mia, ni watu wanne wanaorudi nyumbani.

Kuna kinachonitia wasiwasi. Tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na VVU nchini huanzishiwa dawa mara moja, bila kusubiri kinga ishuke, na hilo ni jema. Lakini kwa kuwa CD4 haihitajiki tena ili kuanza dawa, mahali pengi kipimo hicho kimeachwa, mashine imefunikwa kitambaa. Na wanaozidiwa bado wapo. Wengi ni walioanza dawa, wakaacha kwa sababu ya safari, mimba, ndoa, aibu au kuchoka, kisha wakarudi wakiwa wamekonda na wana homa. Mtu wa namna hiyo CD4 ndiyo inayomwambia daktari kwamba hatari iko kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya wagonjwa hawa mwaka 2017: wapimwe CD4, wapimwe mkojo kwa TB, wapimwe fangasi wa utando wa ubongo. Mwongozo upo. Kijikaratasi cha mkojo kinatakiwa kiwepo kila hospitali ya wilaya, na CD4 irudishwe kwenye orodha ya vipimo vya lazima kwa kila aliyelazwa akiwa na VVU. Nimeyasema haya kila nilipoitwa kwenye mikutano, na nitaendelea kuyasema.

Wewe kijana uliyeko zamu ya usiku maabara, ukiletewa mkojo wa mgonjwa wa CTC aliyezidiwa, usiuweke pembeni kungoja wa asubuhi. Udondoshe, anza kuhesabu dakika 25, na usome chini ya taa nzuri ukilinganisha na kadi, maana mstari hafifu nao huhesabika. Mstari ukitokea, usiiache fomu kwenye trei. Mpigie simu daktari wa zamu, hata kama amelala.